Utupe Leo

Ukipita soko la Mbuyuni hapa Moshi asubuhi, malori yakiwa yanashusha mzigo, utasoma Maandiko bila kufungua kitabu. Kibanda kimoja kimeandikwa Ebeneza, cha pili Yehova Yire, mkokoteni umeandikwa Mungu Kwanza, na turubai la muuza dagaa lina mstari wa Zaburi ya 23. "Bwana asifiwe" inapokelewa kutoka kona hii mpaka ile. Mimi ninauza nafaka katika soko hilo: mchele, maharage, mahindi, choroko, na karanga zikipatikana. Maandishi yale ninayapenda. Yameandikwa na watu wanaoamka saa kumi usiku bila kujua watauza nini, wakaamua kuianza siku kwa jina la Mungu.

Ninachotaka kukiandika leo ni kile kinachofuata baada ya maandishi. Saa nne asubuhi mteja amesimama mbele yako na kikapu chake, jua limeanza kuchoma, na sado iko mkononi mwako. Hapo ndipo mtu anapoonyesha anamtumaini nani.

Kwa asiyelijua soko letu, sado ni kile kindoo cha plastiki cha lita nne. Tunakipimia karibu kila kitu kikavu. Ni kipimo cha watu wa kawaida, maana si kila mama ana hela ya kununua debe, wala si kila muuzaji ana mizani. Na kwa kuwa ni plastiki, kinautii moto. Wapo wanaokipasha kitako kikalainika, wakakisukumia ndani kikabaki kimenyanyuka. Kwa nje ni sado, kwa ndani pamepungua. Wapo wanaokata ukingo. Yupo anayepima huku kiganja kimebaki ndani ya kindoo. Wengine kipimo hawakigusi, wanagusa mzigo wenyewe: chenga inalala chini, punje nzima zinakaa juu, na mahindi yanauzwa kabla hayajakauka. Tukienda kwa mkulima mambo yanageuka. Huko kipimo kinavimba. Gunia linafungwa lumbesa, linashonewa kilemba juu, na mkulima wa Kahe au Chekereni analipwa gunia moja huku ametoa moja na ushee. Lumbesa imepigwa marufuku, na watu wa Wakala wa Vipimo hupita kukagua, lakini hakuna mkaguzi awezaye kukaa kibandani kwangu kutwa nzima.

Kipimo kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia. Torati inalitaja jambo hili waziwazi katika Kumbukumbu la Torati 25, ikikataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Nabii Amosi, yule mchungaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, katika sura ya 8 anawaeleza wafanyabiashara waliokuwa wakiuliza sabato itakwisha lini ili wafungue ngano, waipunguze efa, kipimo chao cha nafaka, na wauze hata takataka za ngano. Mara ya kwanza nilipoisoma sura hiyo nikiwa tayari mfanyabiashara, nilisimama pale kwenye takataka za ngano nisiweze kuendelea. Amosi aliijua chenga.

Mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu udanganyifu huu yanautaja kuwa tamaa. Tamaa ipo, sikatai. Lakini mimi ninakaa na watu hawa kuanzia alfajiri mpaka giza, ninawajua watoto wao, na ninachokiona zaidi ni hofu. Mwenzangu ana marejesho ya mkopo wa kikundi Alhamisi. Mwingine amechukua ule mkopo tunaouita kausha damu, na riba yake hailali. Januari kuna ada na sare. Aprili mvua za masika zikikaza, soko ni tope, wateja hawashuki mjini, lakini kodi ya kibanda haijui masika. Mtu huyu Jumapili ameimba kwa machozi kwamba Bwana ndiye mchungaji wake. Anamaanisha. Jumatatu anaikumbuka Alhamisi, na kiganja kinabaki ndani ya sado.

Kwa hiyo ninaamini kwamba uaminifu katika kipimo na kumtumaini Mungu ni jambo moja. Anayepunguza sado amekwisha kuamua moyoni kwamba kesho hakuna atakayemlisha, hivyo afadhali ajilishe leo kutoka kwenye kikapu cha mwenzake. Tunaweza kuiita dhambi ya biashara, na ni kweli, lakini imeanza mapema zaidi, kwenye ile Sala ya Bwana aliyoisali asubuhi.

Sisi Walutheri wa Kilimanjaro tunaikariri Katekisimu Ndogo tukiwa watoto, kwenye mafundisho ya kipaimara. Luther aliiandika mwaka 1529. Nilipokuwa ninaikariri pamoja na wenzangu, mwinjilisti akitusikiliza mmoja mmoja, ilikuwa ni mtihani tu wa kupita. Leo nikiwa mtu mzima ninarudia mara kwa mara maelezo ya ombi la nne, utupe leo riziki yetu. Luther anauliza riziki ni nini, kisha anajibu kwa orodha ndefu: chakula na kinywaji, mavazi na viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani, afya. Karibu na mwisho wa orodha anaweka marafiki wema na majirani waaminifu.

Majirani waaminifu nao ni riziki. Hili limenikaa rohoni kuliko mafundisho mengi ya semina. Mama lishe wa jirani akisali alfajiri kwamba apewe leo riziki yake, anamwomba Mungu maharage, na anamwomba pia muuza maharage asiyemwibia. Mimi nimo ndani ya sala yake kabla hajafika kibandani kwangu. Ninaweza kuwa jibu la sala hiyo, au nikawa mtu aliyesimama kati yake na jibu. Katika Katekisimu Kubwa, ya mwaka huohuo, Luther anawaonya wale wanaowaonea maskini katika biashara ya kila siku: wajihadhari, ombi hili lisije likageuka likaombwa dhidi yao. Kila nikilikumbuka onyo hilo ninatazama foleni ya wateja kwa macho mengine.

Wazee wetu wa mlimani walilielewa jambo hili kwa maji. Mfongo, ule mfereji wa maji wa mashamba, unaanzia juu msituni, unapita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia, na kila nyumba ina zamu yake. Maji yanayopita kwangu si yangu yote. Mengine ni ya aliye chini yangu. Anayeziba mfongo usiku kwa kuogopa kwamba kesho hautatiririka, huyo chanzo cha maji hakiamini, na migomba ya jirani ndiyo inayolipa. Riziki nayo inanifikia ikiwa njiani kwenda kwa mwingine.

Nimewahi kuulizwa, na watu wenye nia njema kabisa, kama ni imani kweli mtu wa Mungu kuweka akiba. Swali linakuja kwa kuwa Yesu alisema, "Msisumbukie ya kesho, kwa kuwa kesho itajisumbukia yenyewe." Na tunaijua habari ya mana katika Kutoka 16: kila mtu aliambiwa aokote ya siku moja, waliobakiza mpaka asubuhi wakakuta imeingia mabuu. Mfanyabiashara wa nafaka haihitaji picha ya kuchorwa ili kuielewa sura hiyo. Mdudu dumuzi akiingia ghalani, gunia la mahindi linageuka unga huku limefungwa vizuri.

Lakini Biblia hiyohiyo ina Yusufu. Alikusanya nafaka ya Misri miaka saba ya shibe, na hakuna mahali alipokemewa kwa hilo. Akiba yake ililisha mataifa, hata ndugu zake waliomuuza. Kwa hiyo mimi ninaweka mahindi kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ninacheza kikoba, bima ya afya nimekata, na wala sioni kwamba nimemvunjia Mungu heshima. Ninachojiuliza ni hiki: akiba hii ikiguswa na shida ya mwingine, mkono wangu utafunguka? Wana wa Israeli walibakiza mana kwa kuwa hawakuwa na hakika na asubuhi. Yusufu aliweka akiba kwa kuwa Mungu alikuwa amemwonyesha yajayo, tena akaweka kwa ajili ya kuja kufungua maghala. Ghala ni lilelile. Moyo wa mwenye ghala ndio tofauti, na Mungu pekee ndiye anayeuona kwa ndani. Nani ameweka kwa hofu na nani kwa upendo, hatuwezi kupimiana kwa macho.

Kuna namna nyingine ya kumtafuta Mungu ambayo imepita katika mikoa yetu hii, na siwezi kuandika kuhusu kumtumaini kila siku nikairuka. Mwaka 2011 magari yalitoka Arusha, Moshi na kila pembe ya nchi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Watu walitolewa vitandani hospitalini wakapakiwa kwenye magari, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Miaka tisa baadaye, Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, hapahapa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada, umati ulipokimbilia kupita juu ya mafuta ya upako.

Simcheki mtu aliyekwenda kwenye mahali hapo pawili. Aliyeuguza mtoto mwaka mzima, aliyetumia kila senti, aliyesikia kwamba Mungu anapita uwanjani jioni ile, atakaaje nyumbani? Waliokufa Majengo walikufa wakimtafuta Mungu, na ninaamini kwamba Mungu anawajua kwa majina. Uchungu wangu uko kwingine. Tumewafundisha watu kumngoja Mungu wa siku moja kubwa, siku ya kikombe, siku ya mafuta, siku ya muujiza, mpaka wakamkosa katika siku ndogo ambazo amewapa tayari. Yesu angeweza kutufundisha kuomba riziki ya mwaka. Alisema leo.

Mama yangu ana sukari, na mwaka ule wa kikombe majirani zake kule Old Moshi walimjia wakimwambia nafasi ipo kwenye gari. Alishukuru, akawaombea safari njema, akabaki. Mpaka leo anaamka, anasali kwa Kichaga, anakunywa vidonge vyake, anakula uji usio na sukari, kisha anakwenda kukata majani ya ng'ombe polepole. Tarehe ya kliniki ikifika anavaa gauni lake la kanisani. Nilipomuuliza kwa nini anavaa hivyo kwenda hospitali, alinijibu, "Mwanangu, si ninakwenda kumshukuru Mungu? Na madaktari nao ni wake." Ugonjwa haujaondoka. Imani yake inafanyika kila asubuhi upya, kikombe cha maji na vidonge mkononi, na sijui mahubiri yaliyonifundisha zaidi ya hayo. Maombolezo 3 inasema huruma za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Kitabu hicho kimeandikwa juu ya mji uliobomolewa, na maneno hayo yako katikati ya kilio.

Sasa daftari la madeni. Kila muuza nafaka analo, na kama kuna mahali imani yangu inajaribiwa zaidi kuliko kwenye sado, ni hapo.

Wateja wangu wengi wanaishi kwa mlima. Mume ni mpagazi au mpishi wa safari za Kilimanjaro, na hela inaingia mlima ukiwa na wageni. Aprili na Mei wageni ni wachache, kila mwaka, na tumezoea: mama anachukua mchele, ninaandika, Julai analipa. Mwaka 2020 haukuwa Aprili na Mei tu. Korona ilifunga viwanja vya ndege duniani, mlima ukabaki bila watu, na wanaume waliozoea kubeba mizigo ya wageni wakakaa barazani wakitazama theluji kwa mbali. Daftari lilijaa. Nilinunua la pili.

Mbele yangu palikuwa na neno la Yesu lisilo na kona ya kujifichia: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Na nyuma yangu palikuwa na mtu niliyechukua kwake mzigo kwa mali kauli, naye alitaka hela yake. Niliomba kwa maneno mafupi sana kipindi kile. Bwana, mzigo wa kesho. Bwana, huyu mama ana watoto wanne. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Nilichoona ni kwamba mwenye mzigo alikubali kusubiri wiki, halafu wiki nyingine, kwamba dada mmoja wa jumuiya yetu aliniletea ndizi mkungu mzima kutoka kihambani bila mimi kusema kitu, kwamba tulikula. Wengine walilipa safari ziliporudi. Wengine hawajalipa mpaka leo, na wawili wamehama mji. Siwezi kuandika hapa kwamba Mungu alinirudishia mara mbili, kwa sababu hakurudisha. Hasara ilibaki hasara. Alinipa ya siku ile, kila siku ya kipindi kile, na hilo ninalishuhudia bila kuongeza wala kupunguza.

Wanaohubiri kwamba ukiwa mwaminifu lazima utajirike wanatuwekea mzigo mzito. Sado yangu ni kamili na ninajaza mpaka kilele kinamwagika. Bei yangu kwa hiyo iko juu kidogo ya jirani, na wapo wateja wanaopita wakaenda kwa mwenye bei ndogo na kitako kilichonyanyuka, wasijue wamelipa zaidi. Biashara imebaki ya wastani. Kama uaminifu ni mtego wa kupata faida, basi Amosi alipaswa kuandika kitabu kingine.

Kijana mmoja mwenye kibanda karibu na changu aliniuliza mwaka huu, soko likiwa limetulia mchana. "Shikamoo mama. Samahani nikuulize. Wewe ukijaza hivyo, marejesho unalipaje?"

"Marahaba mwanangu. Unadaiwa wapi?"

Akanitajia. Ilikuwa kausha damu, na tayari alikuwa amelipa riba iliyozidi fedha aliyokopa. Sado yake ninaijua. Soko zima linaijua. Nilikuwa na Mithali 11 mdomoni, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," na ni neno la kweli. Lakini likanijia lile la Yakobo 2 kabla sijafungua kinywa: ndugu yako amepungukiwa na riziki, nawe unamwambia nenda kwa amani, ukaote moto na kushiba, huku humpi mahitaji ya mwili, yafaa nini? Kumwambia kijana yule mtumaini Mungu, halafu nikamwacha na Alhamisi yake peke yake, ingekuwa ni kumwambia akaote moto.

Nikapeleka habari yake kwenye jumuiya, Jumamosi alfajiri, bila kumtaja jina mpaka aliponiruhusu. Akina mama watatu tukatoa kwenye akiba zetu za kikoba tukalimaliza deni lile, naye anaturejeshea sisi bila riba, kidogokidogo, kila Ijumaa. Hatukumwekea sharti la sado. Mwenzangu mmoja alitaka tuliweke, na hoja yake ilikuwa nzuri, lakini tuliona kwamba sharti lingeigeuza zawadi kuwa biashara. Wiki ya pili alinunua sado mpya mwenyewe. Masika yalipokaza aliruka Ijumaa mbili, tukaandika, tukaendelea.

Hapo ndipo nilipofika na wazo ambalo nimelipeleka kwa maandishi kwenye baraza la wazee la usharika wetu. Kila Jumapili baada ya ibada tuna mnada pale nje: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maziwa, maparachichi, vitu ambavyo watu wameleta kuwa sadaka kwa kuwa hela hawana. Tunashindana kwa furaha, mtu ananunua mayai kwa bei ya kuku, halafu anayarudisha yauzwe tena. Ni moja ya mambo mazuri kuliko yote ya kanisa letu. Nimeomba mnada wa Jumapili moja ya kila mwezi uwekwe kwenye mfuko wa kuwatoa washarika wetu, na majirani zao wa dini yoyote, kwenye mikopo ya kausha damu, wakarejeshe bila riba ili aje mwingine. Nimeandika utaratibu, nimependekeza nani ashike daftari na nani akague. Mzee wa kanisa aliyeipokea barua ameniuliza maswali magumu juu ya wasiorejesha, na ni maswali ya haki. Nimemwonyesha daftari langu la mwaka 2020 aone ukweli wa jambo lenyewe. Baraza linakaa mwisho wa mwezi. Wewe uliyeko usharika mwingine, Moshi au Arusha, kama kwenu mnacho kitu cha namna hii, niandikie mnavyokiendesha, hasa mnavyofanya mtu anaposhindwa kulipa.